UZI: Taekwondo ya Olimpiki, vijana wetu wapigwa na mizani na soksi kabla refa hajasema lolote

TekeLaPwani (mleta uzi)

Salamu alaikum jamani, na wale wa habari za jioni, habari zenu. Jana baada ya isha tulikuwa kibarazani hapa Majengo, watu kama saba hivi na birika la kahawa, kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha ile fainali ya Rio 2016, wanaume chini ya kilo 80, Cheick Cissé wa Ivory Coast na Lutalo Muhammad wa Uingereza. Kama hujaiona itafute uione kwanza. Imebaki sekunde moja, nasema moja, Muingereza yuaongoza 6-4, wewe mtizamaji kichwani mwako ushamvisha medali, Cissé akageuka akazungusha teke likaenda kumkaa mwenzake kichwani, ubao ukaruka ukaandika 8-6, basi, kwisha. Dhahabu ya kwanza ya Ivory Coast tangu waanze kwenda Olimpiki, kabla ya Rio walikuwa na medali moja tu, ile fedha ya mita 400 ya Gabriel Tiacoh, Los Angeles 1984. Muhammad maskini alilia mbele ya kamera mpaka ukamuonea imani.

Sasa kilichonileta. Ami mmoja pale, mtu mzima na heshima zake, mpira aujua mpaka dereva wa basi la timu, akasema "huyo Muingereza kaibiwa, kaongoza halafu teke moja ndo lije limtoe?" Na wengine wakaitikia. Nkajaribu kueleza, kahawa ikaisha sijamaliza, ndo naja kumalizia huku.

Kwa sheria za siku hizi hesabu ni hivi: ngumi ya kifuani pointi 1, teke la kifuani 2, teke la kichwani 3, na ukigeuza mwili ukapiga teke la kuzunguka, la kifuani lawa 4 na la kichwani 5. Kwa hivyo mtu aliyekaa akidonoa kifuani raundi nzima aweza kufutwa na mwenzake aliyevumilia akangojea nafasi ya kichwa. Si wizi huo, ndo bei zilivyopangwa. Ukianguka, ukitoka nje ya mstari, ukishika mtu, ukimkimbia mwenzio, wapewa gamjom, yaani adhabu, na kila gamjom ni pointi 1 ya mwenzio. Jina lako halitajwi pale, wewe ni "chong" ukivaa buluu ama "hong" ukivaa nyekundu, maneno yote ni Kikorea, na watoto wetu hapa Majengo wahesabu hana, tul, set, net kama waliozaliwa Seoul.

Lakini sikuja kufundisha pointi. Ninalotaka kusema ni kuwa vijana wetu wa Pwani miguu wanayo, roho wanayo, wanapigwa na vitu viwili ambavyo havina miguu wala roho: mizani na soksi. Ngoja niwape yangu.

Mie nimecheza mchezo huu miaka 9 tangu darasa la sita, mamangu akiulizwa mpaka leo asema "alikuwa akienda karati". Tulikuwa na ukumbi wa kuazima, majamvi ya sponji ya kuunganisha, na hogu tatu, yaani zile kinga za kifua, zilizoshonwa na kushonwa mpaka nyuzi zikawa nyingi kuliko hogu. Mwaka mmoja tukaitwa mashindano huko bara, mie nimeandikishwa chini ya kilo 58. Siku ya safari nkapanda mizani ya mwenye duka la nafaka Kongowea, 58 na nusu. Nusu kilo! Kochi akanambia usile, usinywe, na ununue mabuyu. Kwa wasiojua, mabuyu yaleta mate, na mate ukiyatema ni uzito umetoka. Basi hebu nionee. Basi la usiku kutoka Mwembe Tayari, wenzangu wote wamelala, mie nna chupa ya nusu lita mkononi namumunya natema, namumunya natema, mdomo mwekundu kama nimekula mtu. Kufika Mtito Andei basi likasimama watu wakashuka kula chipsi na chai, harufu ya yale mafuta naisikia mpaka leo, mie nimebaki dirishani natema. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akanitizama weee, akasema lau ningekuwa mwanamke angejua la kunambia, akanipa ndimu.

Asubuhi mizani ikasema 57.9. Nkashukuru Mungu, nkala mkate mzima na maji lita moja, nkaingia ulingoni tumbo likicheza chakacha.

Na hapo ndo nkakutana na hogu ya umeme uso kwa uso, mara ya kwanza maishani mwangu. Hogu hiyo ndani ina sensa, na soksi unayovaa ina vipande vya sumaku, hapa juu ya mguu na pembeni. Ili pointi ihesabiwe lazima vile vipande vifike pale kwenye sensa na nguvu ifike kiwango kilichowekwa kwa uzani wenu. Ukipiga na muundi, hakuna. Ukipiga ubavu nje ya sensa, hakuna. Mie soksi nliazimwa, navaa 41 nkapewa za mtu wa 45, sumaku zote zikahamia chini ya unyayo. Nkampiga yule kijana teke moja la ubavu, PAA, ukumbi mzima ukaguna, yeye mwenyewe akakunja uso. Ubao: sifuri. Nkarudia. Sifuri. Yeye ametoka klabu ambayo mitambo wanayo, hana habari ya kupiga kwa nguvu, kaniinulia mguu wa mbele kama mtu achokoaye embe kwa upondo, kagusa, mbili, kagusa, mbili, kagusa, mbili. Nlipigwa 14-2 na hizo mbili zangu zenyewe ni gamjom zake.

Nmekaa kwenye basi la kurudi najiuliza, nimeshindwa na nani hasa? Haya, semeni.

BingwaWaSofa

Uzi mrefu kama foleni ya feri ya Likoni ijumaa jioni. Kwa kifupi ulipigwa 😂

TekeLaPwani

Nlipigwa, nimekataa? Nimesema mpaka pointi zenyewe.

MahamriMbaazi

Ami wa kibarazani ana haki yake. Hebu tupige hesabu pamoja maana mie ni mwalimu wa hesabu na hili limenikera. Umesema teke la kichwa la kuzunguka ni pointi 5. Cissé alikuwa na 4. 4 na 5 ni 9. Mbona ubao uliandika 8? Ama na wewe unatuuzia mbuzi kwenye gunia.

TekeLaPwani

Mwalimu umenishika pazuri. Nlisema "sheria za siku hizi". Rio teke la kichwa la kuzunguka lilikuwa pointi 4, ndo 4 na 4 ikawa 8. Hata teke la kawaida la kifuani wakati huo lilikuwa pointi 1, la kuzunguka kifuani 3. Baadaye wakapandisha, teke la kifuani likawa 2, kwa sababu watu walikuwa hawataki kufungua mguu, wanangojeana tu kama wanaotegeana bili ya chai.

Na si bei tu zilizobadilika. Tokyo pointi za raundi tatu zilikuwa zajumlishwa, dakika mbili mbili, mwenye nyingi mwisho ndiye. Paris 2024 wakageuza, kila raundi yahesabiwa peke yake, ukishinda mbili umeshinda mechi hata kama ile moja ulinyolewa kabisa. Na ndani ya raundi ukimuacha mwenzio kwa pointi 12 raundi inafungwa, na yeye akifika gamjom 5 raundi imemtoka. Kwa hivyo lile la Cissé, kupanda kutoka nyuma mwisho kabisa wa mechi, laweza kutokea bado lakini kwa hesabu nyingine. Mie naipenda hii ya sasa, wewe uliyenyolewa raundi ya kwanza waanza upya, wavuta pumzi.

MahamriMbaazi

Sawa, hapo umejibu. Nimekupa alama 7 kwa 10, tatu nimekata kwa sababu hukuonyesha njia.

MamaWanne

Asalaam alaikum. Mimi sina habari ya pointi wala soksi, nimesimama pale kwenye mabuyu. Mwanangu wa kike ana miaka 13, amejiunga na klabu hapa Kisauni tangu mwaka jana, na kusema kweli amebadilika, asubuhi anaamka mwenyewe, shuleni hagombani tena. Lakini mwezi uliopita alirudi nyumbani akasema anatakiwa kupunguza kilo mbili kwa sababu ya mashindano, akakataa chakula cha usiku. Mtoto wa miaka 13! Anakua yule, mifupa yake inakua, nimpunguze nini? Nimemwambia huyo kochi wake nitakuja na mwiko. Sasa wewe TekeLaPwani unalisimulia jambo hili kwa kuchekesha, watoto wanasoma humu, kesho nitamkuta wangu uani anatema mate.

TekeLaPwani

Mamangu, wa alaikum salaam. Umenikosoa na nimekubali, sikulitia uzito. Nlikuwa na miaka 19 na hata hivyo ulikuwa ujinga, raundi ya pili miguu ilikuwa kama ya kuazima, sijui kama nlipigwa na soksi ama na njaa. Kwa mtoto wa 13 jawabu ni moja, apande uzani wa juu. Watoto na vijana wana madaraja mengi, tofauti ya kilo chache tu, kwa hivyo kilo mbili ni kuhama daraja moja tu, hakuna hasara yoyote, atakutana na mrefu kidogo na atajifunza. Kochi anayemtoa mtoto chakula ili apate kikombe cha plastiki, huyo mwiko ni mdogo.

Kwa wakubwa ndo kuna mtego. Mashindano ya dunia yana madaraja 8 kwa wanaume na 8 kwa wanawake. Olimpiki ni manne tu kila upande: wanaume chini ya 58, chini ya 68, chini ya 80 na zaidi ya 80, wanawake chini ya 49, chini ya 57, chini ya 67 na zaidi ya 67. Wewe una kilo 63 zako, unaenda wapi? Ama ushuke mpaka 58 ufe njaa, ama upande ukagongane na mijitu ya 68. Yule mwenye daktari wa chakula na mpishi atashuka taratibu miezi minne. Yule wa kwetu atashuka kwa mabuyu siku mbili. Ndo maana nkasema mizani.

MamaWanne

Hapo tumeelewana. Na la hijabu je? Babake anauliza.

TekeLaPwani

Hilo babake alale usingizi, hijabu inaruhusiwa, yavaliwa chini ya helmeti. Mwonyeshe Rio, wanawake chini ya kilo 57, taekwondo inatoa shaba mbili kila uzani, na shaba zote mbili siku ile zilikwenda kwa wasichana waliovaa hijabu: Hedaya Malak wa Misri na Kimia Alizadeh wa Iran. Kimia alikuwa mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki, mchezo wowote ule. Na Malak akarudi Tokyo akachukua shaba nyingine, uzani wa 67. Amepanda uzani, umeona.

Mbuyu_Mnene

Mabuyu mekundu, meupe, ya pilipili, pia achari na ukwaju. Napeleka mpaka Mtwapa. Wa kutemea na wa kumeza wote karibuni 😂

MamaWanne

Nitakuja na kwako na mwiko.

Ami_wa_MjiWaKale

Wanangu nimesoma yote kwa miwani. Mimi si yule ami wa kibarazani lakini nitamtetea mwenzangu kidogo, maana kila mzee akisema "wizi" munamuona hajui.

Mchezo huu mwaujua kwa simu, sisi twaukumbuka ulivyoingia. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika kwetu, Nairobi, Kasarani bado yanukia rangi, na taekwondo ndo ikaingia mara ya kwanza katika michezo ile. Mwaka uliofuata Seoul wakaiweka Olimpiki kama maonyesho, 1992 Barcelona vilevile, na medali kamili ikaanza Sydney 2000. Wakati huo hakuna sensa wala sumaku. Waamuzi wanakaa pembeni kila mtu na kidude chake cha kubonyeza, wakiona teke wanabonyeza. Na teke lenyewe lilihukumiwa kwa macho na kwa masikio! Mwanangu ile PAA yako ya bara, zama zile ingekupa pointi, tena na refa angetikisa kichwa kwa heshima.

Lakini palepale ndo palikuwa na mambo. Beijing 2008, siku ya mwisho ya taekwondo, hebu sikilizeni mambo mawili ya siku moja. Sarah Stevenson wa Uingereza alimpiga Chen Zhong wa China teke la uso sekunde za mwisho, waamuzi hawakulihesabu, akatangazwa ameshindwa. Huyo Chen si mtu mdogo, bingwa wa Sydney na Athens. Wakakata rufaa, video ikatizamwa, matokeo yakageuzwa na Stevenson akasonga mbele mpaka akapata shaba. Siku hiyohiyo Mcuba Ángel Matos, bingwa wa Sydney, yuko kwenye mechi ya shaba, akaumia mguu, akapewa dakika yake ya matibabu, dakika ikapita hajasimama, refa akamtoa. Kilichofuata twajua wote tuliotizama. Akampiga refa teke la uso. Refa, Chakir Chelbat wa Sweden! Akafungiwa maisha yeye na kocha wake.

Sasa baada ya fedheha kama hizo ndo London 2012 wakaja na hogu za umeme, na Rio wakaongeza helmeti za umeme. Kwa hivyo hizo soksi munazozitukana ziliitwa na wizi. Ami yule wa kibarazani akili yake imebaki kwenye zama za kubonyeza, si kwamba hajui.

TekeLaPwani

Ami hapa nimeinamisha kichwa. Ile ya "ziliitwa na wizi" leo usiku naipeleka barazani.

Ila niongeze kidogo, hata sasa macho ya watu hayajatoka kabisa. Ngumi bado ni majaji wabonyezao, na zile pointi za ziada za kuzunguka pia. Na kochi ana kadi ya kuomba video, akikosea kadi imekwenda, ndo unawaona makochi wa Olimpiki wamekaa na kile kikadi wakitetemeka nacho kama mtu aliyebakiwa na noti moja mwisho wa mwezi.

tuktuk_ya_Tudor

Swali langu dogo, niko stage nangoja abiria. Kama ni pesa na mitambo, mbona Niger wana medali? Niger bro. Hawana hata bahari.

TekeLaPwani

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Na si Niger peke yake. Gabon medali yao ya kwanza ya Olimpiki ni taekwondo, Anthony Obame, London 2012, zaidi ya kilo 80. Fainali na Muitaliano Carlo Molfetta walitoka 9-9, ikaingia raundi ya ziada, bado hakuna pointi, majaji wakaamua, wakampa Muitaliano. Hapo kwa kweli ami wa kibarazani angesema wizi nisingembishia sana. Niger ni Abdoul Razak Issoufou, fedha ya Rio uzani huohuo, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Wengine nje ya Afrika, Afghanistan medali yao ya kwanza ni Rohullah Nikpai, shaba ya Beijing, na Jordan ni Ahmad Abughaush, yeye alianzia moja kwa moja na dhahabu, Rio. Rio peke yake Afrika ilitoka na medali 5 za taekwondo. Paris Firas Katoussi wa Tunisia akachukua dhahabu ya kilo 80, ileile aliyoichukua Cissé.

Sababu mie naona hivi, huhitaji bwawa, farasi wala mashua. Na kila nchi ilikuwa haipeleki watu wote inaotaka, mpaka London ilikuwa wanaume 2 na wanawake 2 basi, kwa hivyo hata Korea yenyewe ilikuwa haiwezi kuzoa kila kitu, na Tokyo Wakorea walirudi bila dhahabu hata moja kwenye mchezo wao wenyewe. Halafu tizama Obame na Issoufou, watu warefu mno, mguu wake ukinyooka weye uko mbali bado. Zaidi ya 80 hakuna kutema mabuyu! Mizani hapo haikuulizi kitu. Yaani wamekwepa mmoja wa wale maadui zangu wawili.

Huku kwetu Faith Ogallo alikwenda Tokyo, zaidi ya 67, uzani ambao nao mizani haikunyimi chakula. Alikata tiketi Rabat Februari 2020, mashindano ya kufuzu ya Afrika, wawili wa juu tu ndo wanapita kila uzani, na Olimpiki yenyewe kila uzani ni watu 16. Kumi na sita dunia nzima. Kukaa kwenye hao 16 si mchezo, wacha mtu akwambie "alitoka raundi ya kwanza".

tuktuk_ya_Tudor

Kwa hivyo mie na kilo zangu 94 bado nina nafasi 😅 abiria amekuja, narudi

BingwaWaSofa

Wakenya tukimbie tu. Haya mambo ya kurusha miguu tuwaachie wenyewe.

KipusaWaLikoni

mimi nacheza. nina miaka 16, nimesoma uzi wote nikasema leo niandike.

klabu yetu tuna soksi za sumaku jozi mbili, moja ndogo moja kubwa. siku ya mazoezi ya hogu ya umeme (tunaazima kwa klabu nyingine mara moja kwa mwezi, wakitaka) tunavaa kwa zamu. ya kwanza yuko sawa. ya pili imelowa. mimi nilikuwa wa sita, unaingiza mguu ni kama umekanyaga mwani, baridi, na inateleza inazunguka mguuni kwa hivyo ile ya TekeLaPwani kuhusu sumaku kuhama ni kweli kabisa. nimejifunza kuifunga na plasta ya gundi kwa juu.

lakini kuna kitu sikubaliani naye. anasema yule aliyempiga alikuwa anachokoa maembe. bro hiyo ndio kazi yenyewe sasa. mguu wa mbele hauwekwi chini, unakatia, unasukuma, unagusa. mimi pia sipendi, sio kama zile za zamani za kuruka, lakini ukienda kule na mateke ya kupendeza barazani unarudi na sifuri. sabum wetu, yaani mwalimu, anatwambia piga mahali sio piga nguvu. shida yetu sio soksi peke yake, shida hatujui mahali ni wapi kwa sababu hogu ya kawaida haikwambii kitu, ukigusa popote mwenzio anasema "eeh umenipata".

TekeLaPwani

Dadangu, umenipiga kichwani wewe, tena la kuzunguka, pointi 5. Nimekaa na hilo neno tangu asubuhi. Miaka yote nalaumu soksi na sikuwahi kujiuliza kama zingenienea ningegusa pale. Pengine ningepata mbili nne zaidi nipigwe 14-6.

Kuna repechaji hujaigusa, wajua nlikuwa naipenda kuliko yote? Ukipigwa, unarudi kwenye kugombea shaba kama aliyekupiga amefika fainali. Kwa hivyo mtu aliyekuvunja mbavu asubuhi, jioni ndo wamshangilia mpaka sauti ikauke. Abughaush, Cissé, hao wote walikuwa na watu jukwaani wawaombeao dua ambao wao wenyewe wamewapiga. Yule wangu alitoka nusu fainali, nkamlaani mara ya pili.

Ami_wa_MjiWaKale

Kipusa, mwanangu, hongera. Waniruhusu niseme kitu cha kizee? Zamani fundi seremala akitaka kujua mlango wagusa wapi, apaka chaki ukingoni mwa mlango, afunga, afungua, atizama chaki imebaki wapi. Hapo ndo apiga randa.

KipusaWaLikoni

ami SUBIRI

KipusaWaLikoni

yaani tupake chaki kwenye soksi pale penye sumaku

TekeLaPwani

Na hogu ifungwe kitambaa cheusi juu. Leso nzee. Ami!!

MamaWanne

Na nani atazifua hizo soksi?

Ami_wa_MjiWaKale

Wafue wenyewe, ni wanamichezo.

TekeLaPwani

Narudi baada ya siku tatu na habari. Tulikutana leo alasiri, mie na watoto tisa, Kipusa akavuka na feri kuja, na yule wa MamaWanne alikuja na mamake (hakuja na mwiko, alikuja na kaimati, Mungu amuweke). Hogu ya kawaida, juu yake buibui bovu la mtu, tumechora kwa uzi mweupe mahali sensa inapokaa. Soksi za shule, chaki ya mwalimu MahamriMbaazi, ya buluu, ameileta pakiti nzima na kutwambia ni ya serikali tusiimalize. Kila mtoto mateke 20 ya nguvu zake zote kama alivyozoea.

Bora kuliko wote alikuwa Kipusa, 11 ndani ya mstari. Binti wa MamaWanne 7, na ni mwaka wake wa kwanza. Vijana wawili wakubwa ambao nlikuwa nawategemea, wale wenye PAA, mmoja 4, mwengine 3, chaki zao zimejaa mgongoni na kwenye nyonga, mmoja ana alama nzuri kabisa ya muundi imelala kwenye mstari kama fimbo. Akasimama akaitizama sana ile buibui.

Na mie nkavua viatu nkajaribu. Sita.

KipusaWaLikoni

tano. ile moja ilikuwa kwenye mstari haihesabiwi

tuktuk_ya_Tudor

Mimi nilipita nikaona watu wanapiga buibui mateke nikajua kuna jambo la dini, nikaongeza mwendo.

BingwaWaSofa

Hebu, mazoezi ni saa ngapi kesho? Nakuja kutizama tu, sichezi.

TekeLaPwani

Saa kumi na nusu baada ya alasiri. Njoo na soksi zako na usizivae za wiki iliyopita.